Kabla Hujajaza Fomu ya Udaktari

Vijana wa miaka kumi na tano au kumi na sita wanaotaka kusomea udaktari huniuliza wapate wapi nafasi ya kushuhudia upasuaji. Mimi ni daktari, na huwa nakaa kwenye jopo la usaili. Upasuaji ulioutazama kwa saa mbili ukiwa nyuma ya bega la mtu hautuambii lolote kukuhusu wewe.

Lakini kwanza ijue njia unayoiomba. Marekani, kwa kawaida mtu huomba akiwa amefika mbali kwenye shahada ya kwanza, na hufanya MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari vya huko. Uingereza huingia moja kwa moja kutoka sekondari: maombi hupitia UCAS, taasisi inayopokea maombi ya vyuo vikuu vya huko, mwisho ni Oktoba 15, karibu mwaka mzima kabla masomo hayajaanza, na huruhusiwi kuchagua zaidi ya kozi nne za udaktari. Na UCAT, mtihani wa kuingilia udaktari unaotumiwa na vyuo vya huko, mwombaji huruhusiwa kuufanya mara moja tu kwa mwaka. Anayeanza kujipanga akiwa mwaka wa mwisho tayari anakimbizana na kalenda.

Kuhusu alama sina mengi. Kemia ikiwa dhaifu, milango mingi hufungwa, na hakuna insha itakayoifungua.

Kazi ya kujitolea ndiyo inayotenganisha waombaji. Tafuta mahali ambapo watu wanahitaji msaada wa kila siku, kama makao ya wazee au kituo cha watoto wenye ulemavu, uende kila wiki kwa miezi mingi. Kila ukitoka zamu andika mistari michache: nini kimetokea, ulifanya nini, ulimuuliza nini muuguzi. Majina ya watu usiyaandike kabisa. Siri ya mgonjwa huanza kulindwa hapo.

Tuseme mzee mmoja amegoma kula. Mwombaji wa kwanza ataandika, “Nilijifunza uvumilivu.” Wa pili ataandika kwamba alimwekea mzee kijiko mkononi, mzee akala mwenyewe polepole, ndipo akaelewa kuwa hakukataa chakula, alikataa kulishwa. Huyo wa pili nataka kumwona ana kwa ana.

Maelezo binafsi ya UCAS, kuanzia kwa wanaoingia chuo mwaka 2026, yamegawanywa katika maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na umefanya nini nje ya masomo. Yote yasizidi herufi 4,000, nafasi zikiwemo. Sentensi ya “tangu nikiwa mdogo” hula nafasi hiyo bure. Na barua ya mapendekezo, pale inapotakiwa, aandike mwalimu anayekufahamu, hata kama si mwenye cheo kikubwa.

Usaili wa siku hizi mara nyingi ni wa vituo vingi vifupi, mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2004. Unazunguka kituo hadi kituo, kila kimoja kina msaili wake, kwa hiyo ukiboronga kwa mmoja, wa pili hana habari. Sababu yake ni nzuri: msaili mmoja akikupenda dakika ya kwanza, kila utakachosema baadaye atakiona kizuri.

Kwenye maswali ya maadili, wengi hukariri kanuni nne (uhuru wa mgonjwa kuamua, kutenda mema, kutodhuru, haki) kama shairi, kisha wanazisahau papo hapo. Ukiulizwa kuhusu mgonjwa anayekataa kuongezewa damu, anza na mgonjwa: anaelewa nini, ana akili timamu ya kuamua, ameshinikizwa na nani?

Jiandae pia kwa swali la “Kwa nini si uuguzi?” Jibu la “nataka kusaidia watu” halitoshi, maana muuguzi anasaidia watu kutwa. Zungumzia kazi yenyewe ya daktari: kutafuta ugonjwa pale dalili zinapogongana, kuamua tiba na kuubeba uamuzi huo. Ukiteleza ukadokeza kwamba wauguzi ni watu wa kutumwa, kumbuka kwamba msaili aliye mbele yako huenda ni muuguzi.