Gesi iko kule bondeni, mbona mkuza umepita kwenye mikorosho yangu?

Hili swali wataalamu wa jiofizikia, sisi tunaopima miamba ya chini bila kuifukua, tunaulizwa karibu kila mkutano wa kijiji. Mkuza ni ile njia inayofyekwa kupitisha vifaa vya kupimia. Mzee anasimama anasema nyie wenyewe mmetuambia gesi iko kule, sasa huku kwangu mnatafuta nini? Ana haki ya kuuliza, na jibu liko kwenye mchoro wa upimaji uliochorwa ofisini miezi mingi kabla hata gari moja halijafika.

Chukulia sehemu kama Ntorya, Mtwara, gesi iligunduliwa 2012 na data ya mitetemo ya 3D ikaja kukusanywa 2022, yaani ardhi inatikiswa juu, mwangwi unaorudi kutoka kwenye miamba unasikilizwa kwa jiofoni, vifaa vidogo vya kunasa mtetemo. Namba ninazotoa hapa sio za mradi ule, ni za kuelewesha tu. Tuseme tunataka kuona vizuri eneo la kilometa 10 kwa 20, yaani 200 za mraba, mwamba wenyewe uko kilometa 3 chini na umelala mteremko wa digrii 30. Sasa mwamba ukiwa umeinama mwangwi haupandi wima, unatupwa pembeni, kwahiyo usipotandaza jiofoni nje ya eneo unalolitaka huo mwangwi unaibukia mahali ambapo hakuna wa kuusikiliza. Hesabu yake ni kilometa 3 mara tanjenti ya 30, inakuja kama 1.7 kila upande. Zile 200 zimeshakuwa 313! Mikorosho ya mzee iko kwenye hiyo nyongeza.

Mpangilio wenyewe ufikirie kitanda cha kamba. Mistari ya jiofoni inaenda huku, mistari ya kutikisa ardhi inaikata, iwe ni baruti ya kwenye shimo au yale magari mazito ya kutetemesha ardhi. Mstari na mstari mita 300, pointi na pointi mita 50. Kwenye ramani mwangwi tunauhesabu kuwa umetoka katikati ya pointi ya mtikiso na jiofoni, ndio maana 50 inazaa bini ya mita 25, bini ni kile kiboksi kidogo cha ramani ya chini. Kila mtikiso ukisikilizwa na mistari 12 yenye jiofoni 120 kila mmoja, bini moja inapata mwangwi mara 60, ukiijumlisha yote makelele ya upepo na bodaboda yanapungua karibu mara 8.

Kuna watu wanapenda bini ndogo, wanasema picha itakuwa kali zaidi. Kweli, ila pointi kila mita 25 maana yake kutoka mitikiso kama elfu 21 unaenda elfu 42, na kwa mteremko huu, mawimbi ya hezi 60 na spidi ya mita 3,000 kwa sekunde, bini ya 25 inatosha kabisa. Hiyo ni pesa ya kumwaga tu.

Kinachonisumbua mimi zaidi ni visima, makaburi na shule. Hapo hatutikisi, pointi zinasogezwa. Kule kilometa 3 chini hakuna shida, mwangwi wa pointi za jirani unafika, lakini tabaka la mita 500 linabaki na tundu, kwasababu lenyewe linategemea pointi na jiofoni zilizo karibukaribu tu, za mbali hazilisaidii. Na tundu hilo kompyuta haiwezi kulijaza, data ambayo haikuchukuliwa haipo. Tukijua mapema tunaongeza pointi pembezoni tunalipunguza.

Kwahiyo wapimaji wakipita na vijiti vyao vyenye utepe, waonyeshe kisima kiko wapi, hata kile cha zamani kilichofukiwa, na kaburi ambalo halina alama, na mikorosho ihesabiwe iandikwe ukiwepo mwenyewe. Siku hiyo kusogeza pointi ni kazi ya kuhamisha kijiti tu, mashine ya kuchimba mashimo ya baruti ikishafika tutakuwa tunabishana.