Je, wajua nani hasa walioitoa polio Nigeria?

Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa rasmi kuwa haina tena polio ya virusi vya asili, na nchi ya mwisho iliyokuwa inasubiriwa ni Nigeria. Wengi tukisikia hivyo tunafikiria madaktari na pesa za wafadhili, na kweli madaktari walikuwepo na pesa zilikuwepo, lakini ukiifuatilia stori yenyewe unakuta waliofanya mlango ufunguliwe ni mama jirani, shehe wa mtaani, na mtu ambaye polio ilishamchukua miguu tangu utotoni.

Kwa nini wao? Turudi Kano, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2003. Viongozi wa dini na serikali ya jimbo walisimamisha chanjo ya polio ya matone, ikakaa karibu mwaka mzima bila kutolewa, manake ilisemwa imewekwa dawa ya kufunga kizazi ili Waislamu wasizae. Mtu wa mbali ni rahisi kusema hao watu hawana elimu. Mimi hilo silikubali kabisa. Kano hiyohiyo mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya majaribio ya dawa kwa watoto 200, 11 wakafariki, wengine wakabaki na ulemavu. Kampuni ilisema kilichoua ni ugonjwa, wazazi wakasema hatukuambiwa kama ni majaribio, kesi ikazunguka mahakamani miaka na miaka. Sasa miaka saba tu baadaye anakuja mtu usiyemjua na kichupa anakwambia fungua mdomo wa mwanao, wewe ungefanyaje?

Halafu kulikuwa na swali jingine ambalo wazazi waliuliza sana na ni swali la haki kabisa: mtoto wangu akiumwa malaria naenda zahanati dawa hakuna, maji safi hakuna, lakini kwa hii polio ambayo sijaiona hapa mtaani mnanifuata mpaka mlangoni, bure, na mnarudi tena na tena, mna nini na watoto wetu?

Gharama ya kusimamisha ilikuwa kubwa. Virusi kutoka kaskazini mwa Nigeria vilisambaa nchi nyingi za Afrika, vikavuka mpaka Yemen na Indonesia. Na hapa kuna kitu kimoja huwa nakifikiria sana: mgogoro wenyewe ulipoisha mwaka 2004, kilichosaidia ni kuleta chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu, na gavana wa Kano, Ibrahim Shekarau, kusimama hadharani mwanawe mdogo akipewa matone. Chanjo ni ileile ya kuzuia polio, kilichobadilika ni nani kaileta na nani katangulia kumpa mtoto wake.

Ila gavana haingii kwenye kila ua wa nyumba. Nyumba nyingi za Wahausa, kabila kubwa la huko kaskazini, mwanaume asiye ndugu haruhusiwi kuingia ndani waliko wanawake na watoto, na timu za mwanzo zilikuwa na vijana wa kiume au watu waliotoka mbali, wanaishia mlangoni wanaambiwa watoto wamesafiri, basi wanaandika wanaondoka. Kuanzia mwaka 2012 UNICEF na serikali wakaanza kuchukua wanawake wa mtaa uleule, wakafika maelfu, kwa posho ndogo tu. Kila mmoja ana daftari lake, limeandikwa nyumba kwa nyumba, watoto wote wa chini ya miaka 5 na wajawazito, kwa hiyo anajua nani atajifungua mwezi ujao na nani mwanawe alirukwa mara ya mwisho.

Na hawakungoja siku ya kampeni. Mtoto wa Kihausa hupewa jina siku ya saba, sherehe yenyewe wanaiita suna, nyumba inajaa mashangazi, mabibi, mawifi. Mhamasishaji, yaani yule mama wa mtaa mwenye daftari, anakuja kama jirani yeyote anavyokuja kumpongeza mzazi, na mchanjaji anaitwa palepale, matone mawili mdomoni mwa mtoto mbele ya ukoo mzima. Mimi naona hii ndiyo akili kubwa kuliko zote kwenye kampeni ile, manake anayekataza chanjo mara nyingi siyo mama mzazi, ni bibi au mume, na pale bibi yupo, anauliza anajibiwa, na kesho ndiye atakayemwambia binti mwingine peleka mtoto.

Penye ukaidi mkubwa waliitwa walioathirika na polio wenyewe. Kule wako wengi, wengine wanaendesha baiskeli za matairi matatu kwa mikono, wengine wanatambaa chini wamevaa kandambili mikononi ili viganja visichubuke. Baba aliyemfukuza daktari asubuhi anatokewa na mwanaume wa rika lake, amekaa pale chini kwenye vumbi la mlango wake, anamuomba amchanje mtoto asije akawa kama yeye. Hapo hata karatasi ya takwimu huhitaji.

Juu yao kulikuwa na mtandao mpana. Masultani na maemiri, yaani watawala wa jadi wa kaskazini, waliunda kamati yao mwaka 2009 chini ya Sultani wa Sokoto, shirikisho la wanawake wa Kiislamu FOMWAN likaingia, na kwa upande wa Rotary, shirika la kimataifa la watu wanaojitolea, alikuwepo Dokta Tunji Funsho, daktari wa moyo, aliyekuwa akiibana serikali isije ikalegea.

Kazi haikuwa salama. Februari 2013 watu wenye silaha waliwaua wachanjaji wasiopungua 9 hapo Kano, wengi wao wanawake. Wenzao wakarudi kazini. Mwaka 2012 Nigeria ilikuwa na wagonjwa 122, zaidi ya nusu ya dunia nzima, mwaka 2014 wakabaki 6. Mwaka 2016 wakaibuka tena wengine Borno, kwenye maeneo ya vita ambako wachanjaji walikuwa hawafiki, na hao ndio wakawa wa mwisho Nigeria kwa virusi vya asili. Kuna aina nyingine ya virusi, inayotokana na chanjo ya matone pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, hiyo bado inasumbua, ndiyo maana kina mama wale wanahitajika mpaka leo.

Kwetu Tanzania niliiona kwa macho mwaka 2022, baada ya Malawi kupata mgonjwa wa polio, ya virusi vilivyotoka nje ya Afrika, na chanjo kupita nyumba kwa nyumba. Mtaani kwetu Dar alikuja dada na deli begani, pembeni yake mjumbe wa nyumba kumi. Jirani yangu kamkumbatia mwanawe kwa nguvu, na wala hakuuliza chanjo gani. Kaangalia yule dada, kamgeukia mjumbe, "Huyu katoka wapi?"

Mjumbe kamwambia, "Si binti wa Mama Rehema, wa pale kwenye mashine ya kusaga."

"Aaah, mama yako hajambo?" Na huku anamgeuza mtoto, anamshika kidevu.