Chakula cha msaada kanisani si cha waumini peke yao

Wengi, wakiwemo Watanzania na Wakenya wanaoishi Uingereza, hudhani chakula kinachogawiwa kwenye makanisa ya mijini ni cha waumini, au kwamba lazima ukae ibadani kwanza. Sivyo. Katika vituo vya Trussell, shirika la hisani la kugawa chakula lililofungua cha kwanza Salisbury mwaka 2000, kanisa mara nyingi hutoa ukumbi, stoo na watu wa kujitolea. Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wote hupanga foleni moja.

Kinachotakiwa kwa kawaida ni vocha, yaani hati ya kuchukulia chakula, na hiyo huitafuti kwenye ibada. Huandikwa na daktari wako, afisa ustawi wa jamii, shule ya mtoto au washauri wa Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri bure kwa wananchi. Hapo ndipo watu hukwama: wanafika siku ya ugawaji mikono mitupu. Afadhali upige simu kituoni kwanza.

Mfuko hupimwa kwa idadi ya watu nyumbani, angalau chakula cha siku 3: supu, maharage, tambi, samaki wa kopo, maziwa ya muda mrefu. Huna jiko? Sema mapema, ufungiwe vyakula vya kumiminia maji ya moto tu. Taja pia halali na mzio. Wachangiaji nao wajue: maharage na tambi hujaa stoo, huku juisi, matunda ya kopo na sabuni vikiadimika.