Sensa ya joto la injini: pima na waya wake pia

Juzi nililetewa gari lenye sensa mpya ya joto la maji, ya pili ndani ya miezi miwili, na ugonjwa ni uleule: linakunywa mafuta, sailensa inatoa moshi mweusi, na ukilizima injini ikiwa ya moto linagoma kuwaka. Mashine ya kusomea hitilafu za gari ilikuwa imetoa msimbo wa hitilafu P0128, yaani maji hayafikii joto linalotakiwa, kwa hiyo na thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, ilishabadilishwa.

Sensa hii inazama kwenye maji ya kupozea injini. Maji yakiwa ya baridi ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, ni mkubwa, yakipata moto unashuka; ukinzani hupimwa kwa omu. Aina ninayokutana nayo sana ina kama omu 2,500 kwenye nyuzi 20, na kama 320 tu kwenye nyuzi 80. Kompyuta ya gari inapeleka volti 5 na kusoma zimeshuka kiasi gani. Maji yenyewe haiyaoni. Umeme ukiiambia injini ni ya baridi, itaongeza mafuta hata kama maji yanakaribia kuchemka.

Kipimo changu cha kwanza hakifungui hata nati moja. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi fungua swichi bila kupiga stata, kisha linganisha joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Vimelala pamoja, havitakiwi kupishana zaidi ya nyuzi chache. Gari hili lilisoma hewa 20, maji 12. Ukiwa na haraka unaipita tofauti hiyo. Nikaliwasha. Baada ya dakika ishirini bomba la juu la rejeta halishikiki kwa moto, mashine inaniambia 38, na feni imetulia tu! Kwenye gari hili feni inaamriwa na kompyuta, nikazima upesi. Thamostati iliyokwama wazi isingefanya hivyo. Hapo maji yenyewe yangekuwa vuguvugu kweli.

Nikachomoa soketi ya sensa: mashine ikasoma -40, sawasawa, maana njia ikikatika kompyuta huona baridi ya mwisho kabisa. Nikaunganisha pini mbili za soketi kwa kipande cha waya. Hapo ukinzani karibu unaisha, na usomaji unatakiwa upande hadi juu kabisa, zaidi ya 120. Ulifika 44 ukagota. Sensa haipo kwenye njia na bado usomaji ni mbovu, basi sensa haina kosa. Nikavua mpira wa soketi, na nyuma ya pini moja, pale waya unapobanwa, nikakuta unga wa kijani na uzi mmoja tu wa shaba umebaki umeshika.

Kutu ile ilikuwa imeongeza kama omu 1,000. Asubuhi, 2,500 zikawa 3,500, kosa la nyuzi nane. Injini ikipata moto, 300 na kitu zikawa 1,300 na kitu, kosa la nyuzi zaidi ya arobaini. Ndiyo maana sikubali kupima gari likiwa la baridi tu halafu nikatoa hukumu. Na ndiyo maana P0118, msimbo unaotoka volti zikipanda kupita kiasi, haukutokea kabisa: 12 na 38 ni namba ambazo kompyuta inaziamini.

Nikakata waya hadi kwenye shaba safi, nikabana pini mpya, nikasafisha plagi zilizojaa masizi. Sensa sikuigusa. Ukilazimika kuitoa, subiri injini ipoe kabisa, usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa na presha, na ukimaliza toa hewa kwenye maji, maana sensa iliyokaa kwenye hewa husoma uongo.

Usomaji ulipanda hadi 88, ukaendelea, feni ikaingia. Mwenye gari alikuwa bado na ile sensa ya kwanza kabisa kwenye droo ya dashibodi. Niliitia kwenye maji ya nyuzi 80 pamoja na kipimajoto: omu 325. Ilikuwa nzima tangu siku ile ilipotolewa.