Maana ya Biashara kama Umisheni

Biashara kama umisheni ni dhana inayosema kwamba Mkristo anaweza kuuitikia wito wa kupeleka Injili kwa kuendesha biashara halisi, inayopata faida na kufuata sheria, na ambayo lengo lake la kiroho limepangwa tangu mwanzo. Biashara ya namna hii hupimwa kwa mambo manne kwa pamoja: faida ya fedha, hali ya watu inaowagusa, utunzaji wa mazingira, na nafasi inayowapa watu ya kumjua Kristo. Dhana hii ilipata msukumo mkubwa mwaka 2004, pale Harakati ya Lausanne, mtandao wa kimataifa wa Wakristo wa kiinjili, ilipokutana Pattaya, Thailand, na kutenga kikundi maalumu cha kuijadili.

Katika sharika nyingi za Dar es Salaam mfanyabiashara hukumbukwa hasa siku ya harambee. Kuchangia ni jambo jema, ila siko kunakozungumzwa hapa. Muuza vipuri wa Kariakoo anayetoa fungu la kumi ili mwinjilisti apelekwe mkoani anausaidia umisheni unaofanywa na mtu mwingine, na duka lake linaweza kubaki vilevile lilivyokuwa. Mtume Paulo yuko karibu zaidi na dhana hii, kwa kuwa alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, akajitegemea kwa mikono yake na kuishi katikati ya watu aliowahubiria. Biashara kama umisheni inapiga hatua moja mbele ya hapo na kudai kwamba kazi yenyewe, jinsi inavyofanywa na jinsi inavyowatendea watu, iwe sehemu ya huduma.

Tuchukue karakana ya samani kule Keko. Mteja anatanguliza nusu ya bei ya kitanda cha mninga, na tangu hapo imani ya mwenye karakana inaanza kujaribiwa. Je, mbao zimekauka ipasavyo, au kitanda kitapinda kabla mwaka haujaisha? Zimetoka msituni kwa kibali halali, au zimepitishwa usiku? Ile nusu iliyotangulizwa itanunua mbao za mteja huyu, au itaziba deni la mteja wa mwezi uliopita, huku huyu akiambiwa kila siku arudi kesho? Vijana wanaopiga randa wanalipwa kwa wakati na kuwekewa michango yao katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na risiti inatolewa bila mteja kuidai? Mithali 11 inasema wazi kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na kwa maoni yangu karakana iliyoshindwa katika maswali haya haiwezi kuokolewa na ibada ya asubuhi, hata ikifanywa kila siku. Iliyoyajibu vizuri huwa imekwisha kufungua mlango wa mazungumzo, kwa sababu wateja na mafundi jirani wenyewe huuliza kwa nini pale mambo yanakwenda tofauti.

Jambo hili si geni katika historia ya misheni. Wamoravian walianza biashara Suriname, Amerika ya Kusini, katika karne ya 18 ili wamisionari wao wajitegemee. Huko Mangalore, India, Misheni ya Basel, shirika la wamisionari kutoka Uswisi, ilianzisha viwanda vya nguo na vigae katika karne ya 19, kwa kuwa waliobatizwa walitengwa na jamaa zao na kupoteza riziki. Ipo pia historia inayotutaka tuwe waangalifu. Mwaka 1857 David Livingstone aliwaambia wasikilizaji wake Cambridge kwamba anarudi Afrika kufungua njia kwa ajili ya biashara na Ukristo. Yeye alitumaini kuwa biashara halali ingeua biashara ya utumwa, lakini miongo michache baadaye njia hizohizo zilipitiwa na makampuni na majeshi ya kikoloni. Kwa hiyo Mwafrika anayesikia maneno haya mawili yakitajwa pamoja ana haki ya kuuliza nani anafaidika.

Hapa Dar es Salaam swali hilo lina sura nyingine. Karakana moja huwa na Mkristo na Mwislamu kwenye benchi moja, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kidini kazini. Mwajiri anayempandisha cheo kijana kwa sababu amehudhuria maombi, au anayemnyima mwingine ruhusa ya swala ya Ijumaa, anautumia mshahara kama mtego, na imani inayopatikana kwa njia hiyo haina uzito. Ushuhuda unaostahili jina hilo humwachia mtu uhuru wa kusema hapana na bado akalipwa sawasawa na mwenzake. Vivyo hivyo, kuwauzia wagonjwa mafuta na maji ya upako kwa bei kubwa hakuingii katika dhana hii hata kidogo, kwa kuwa hapo imani yenyewe ndiyo bidhaa.

Dhana haidai kwamba mmiliki awe kanisa. Benki ya Biashara ya Mkombozi, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 2009, na Maendeleo Bank, iliyotokana na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), zinaonyesha kwamba makanisa yenyewe yameona mtaji unayahusu. Fundi wa Keko naye anaweza kuanza na mtaji wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopeshana. Anachohitaji kutoka usharikani ni wazee wanaomjua, watakaokubali kuketi naye na kupitia mwenendo wa karakana yake, mishahara na madeni yakiwamo, kwa uzito uleule wanaotumia kupokea taarifa ya mwinjilisti aliyetoka shambani mwa Bwana.