Mtoto wa mbwa asiyelia si lazima awe shupavu

Nairobi, anayekwenda kuchagua mtoto wa mbwa wa uwindaji, kama Labrador au Pointer, huweza kushauriwa amwinue kwa ngozi ya shingo, au hata kwa mkia: akinyamaza ni shupavu, akilia ni mwoga. Imani hii ya zamani haina msingi. Mtoto wa mbwa aliyeshikwa hivyo huweza kunyamaza kwa sababu ameganda kwa hofu, ana usingizi au anaumwa. Na mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo; usiuvute.

Labrador alikuzwa ili amletee mwindaji bata aliyepigwa risasi, bila kumrarua. Kwa hiyo kinachotafutwa ni hamu ya kufuata na kubeba. Viringisha mpira mdogo, uone nani anaukimbilia na nani anarudi nao kwako. Hata hilo hubashiri kidogo tu, maana akiwa na wiki 8 tabia yake bado inajengeka.

Wazazi wanasema mengi zaidi. Omba kumwona mama akiwa na watoto wake. Akitulia mbele ya mgeni, ni dalili njema. Uliza kama nyonga za wazazi zilipigwa eksirei, kwani Labrador huweza kurithi kasoro ya nyonga inayomlemaza ukubwani. Cheti cha East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa asili safi, huonyesha ukoo, si afya. Muuzaji anayetaka mkutane kwenye maegesho ya supamaketi, mimi ningemwacha na mbwa wake. Chanjo ya parvo, virusi vinavyoharisha na kuua watoto wa mbwa, nayo uione kwenye kadi yenye mhuri wa daktari wa mifugo.