Kilomita zilezile, betri tofauti

Dereva mzoefu wa lori la dizeli ukimpa wateja kumi, anapanga njia kichwani kabla hajawasha injini. Mpe wateja walewale akiwa na lori la umeme au la gesi asilia iliyoshindiliwa, atasita kidogo. Kujua nani yuko karibu hakumtoshi tena. Anataka kujua pia akifika huko atakuwa amebakiwa na nini, na atajaza wapi.

Hesabu ya njia za malori ilianza zamani. Mwaka 1959 watafiti George Dantzig na John Ramser waliiandika wakitazama malori yanayosambaza petroli kutoka bohari hadi vituo vya mafuta (fani inayotusaidia leo kuachana na petroli ilizaliwa ikiibeba). Ugumu wake uko kwenye wingi wa mipangilio, yaani nani afikiwe kwanza na nani afuate. Wateja 10 wana mipangilio 3,628,800. Wakifika 20, kompyuta inayopitia mipangilio bilioni moja kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 70 kuimaliza, kwa hiyo programu hutafuta jibu zuri bila kupitia yote. Mwaka 2012 watafiti Sevgi Erdoğan na Elise Miller-Hooks waliongeza sharti la magari ya mafuta mbadala: tangi lina mwisho, vituo ni vichache, na kusimama kujaza ni sehemu ya safari.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mpangaji kuangalia kilomita peke yake. Chukua lori lenye wateja wawili. Wa kwanza yuko kilomita 10 kutoka ghalani na anasubiri tani 2. Wa pili yuko kilomita 20 kutoka ghalani na anasubiri nusu tani. Kati yao ni kilomita 25. Uanzie upande wowote, mzunguko ni kilomita 55. Lakini zidisha tani kwa kilomita ulizozibeba: ukianza kwa mwenye mzigo mzito unapata 37.5, ukianza kwa mwenzake unapata 100. Ramani haioni tofauti hiyo, betri inaiona.

Milima nayo ina mambo yake. Gari la umeme likiteremka na kufunga breki hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri, ila betri iliyojaa pomoni haina pa kuipokelea. Ghala likiwa juu ya kilima, kuchaji hadi asilimia 100 kabla ya kuteremka ni kuitupa nishati ambayo mteremko ungekupa bure.

Halafu kuna muda wa kuchaji. Betri ya kilowati-saa 75 ikitoka asilimia 20 hadi 80 inahitaji kilowati-saa 45. Chaja ya kilowati 50 ikitoa nguvu yake yote, hizo ni dakika 54. Kupita hapo, betri hupunguza kasi ya kupokea umeme ili isichakae, na ile asilimia 20 ya mwisho inaweza kula muda mrefu kuliko unavyodhani. Ndiyo maana mimi huwashauri wapangaji wachaji kidogo mara mbili badala ya kungoja ijae, hasa pale dereva anaposhusha mzigo na lori limesimama vilevile. Dakika hizo zimeshalipiwa.

Gesi hujazwa kwa dakika chache kwenye kituo chenye mgandamizo wa kutosha, kwa hiyo tatizo lake ni kukengeuka njia kukifuata. Hidrojeni inafanana nayo, ila vituo vyake ni adimu zaidi, na mara nyingi kituo ndicho kinachochora njia.

Akiba ipangwe kwa chaja ya pili, si ya kwanza. Dereva akifika na kukuta gari lingine limechomekwa, awe bado na umeme wa kumfikisha kituo kinachofuata, akiwa na mzigo wake, na kiyoyozi kimewashwa.